Généreuse na Mguu wa Jirani

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, Généreuse alikaa kwanza na kuutazama mguu wake wa kulia. Aliutazama kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili na sasa hataki kuondoka. Alijua kwamba hatua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Alishika ukuta, akakanyaga, akauma meno.

Nyumba yao ilikuwa Majengo, mjini Goma. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mume wake, Bashige, alikuwa karani katika depo ya saruji. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kuwasha makala, yaani makaa, na kuchemsha chai. Tangu mke wake apasuliwe, kazi hiyo aliifanya yeye. Tumsifu sasa, maana baada ya mistari michache atasema neno moja la kijinga.

"Mama, umelala muzuri?" aliuliza.

"Nilale muzuri na hii muguu? Iko inachoma kama moto. Tena hapa juu sisikie kitu, kama vile si nyama yangu."

Miezi saba ilikuwa imepita. Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye mawe ya Birere, mtaa wa soko, na kifundo cha mguu kikavunjika. Hospitalini walimpasua, wakaunga mifupa kwa bamba la chuma na skrubu. Mifupa ilishika, lakini maumivu hayakwenda. Kila jioni mguu ulivimba. Kila asubuhi ulikuwa mgumu kama ubao. Généreuse alitembea kwa fimbo, akipumzika kila baada ya nyumba tatu.

Bashige alimimina chai. Kisha akasema lile neno.

"Jana nilipita Birere, nikamuona Munezero. Yee, mama! Anatembea kama vile hakuvunjikaka. Alibeba ndoo ya viazi yeye mwenyewe, bila fimbo."

Généreuse aliweka kikombe chini. Hakukigusa tena.

Munezero alikuwa muuza viazi, mzaliwa wa Kibumba. Naye alivunjika kifundo cha mguu, wiki ileile, mguu uleule wa kulia. Daktari yuleyule alimpasua, siku moja baada ya Généreuse. Walilala vitanda viwili vinavyofuatana. Waligawana sabuni, ndizi na uji, na Munezero alimchekesha Généreuse mpaka muuguzi akawagombeza. Wakati ule Généreuse alimpenda kama dada.

Mambo yaliharibika kwenye chumba cha mazoezi. Baada ya plasta kutolewa, wote wawili walitumwa kwa kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitandika kitambaa sakafuni mbele ya kila mmoja. Akawaambia wakiokote kwa vidole vya mguu. Munezero alikiokota mara kumi. Généreuse alikiokota mara mbili, jasho likimtoka. Wagonjwa wengine walimpigia Munezero makofi.

Généreuse alirudi nyumbani akasema ule ni mchezo wa watoto. Akasema pia kwamba hospitali iko mbali. Hakurudi tena. Ukweli ni kwamba hakutaka kushindwa mbele ya watu mara ya pili.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililomnyima raha. Généreuse alikuwa na meza ya vitenge pale Birere, mahali penye kupita watu wengi. Katika soko lao dogo, meza ikikaa tupu, kamati ya soko humpa mtu mwingine. Munezero hakuwa na meza. Aliuzia viazi chini, kando ya barabara. Basi Bashige alimwomba aikalie ile meza mpaka mke wake apone. Wote watatu walikubaliana.

Lakini sasa kamati ilitangaza kwamba mwisho wa mwezi itaandika upya majina ya wenye meza. Atakayekutwa ameketi ndiye atakayeandikwa. Zilibaki wiki tatu.

"Atakutwa ameketi nani?" Généreuse alijiuliza. Jibu alilijua. Lilimchoma kuliko mguu.

Jumamosi alipanda pikipiki kwenda Birere. Alimwambia Bashige kwamba anakwenda kuwasalimu wauzaji wenzake. Uongo mtupu. Alikwenda kumpeleleza Munezero.

Alijificha nyuma ya kibanda cha muuza simu. Meza yake ilikuwa palepale. Mahali alipozoea kupanga vitenge kwa rangi, sasa palikuwa na viazi. Viazi vyenye udongo! Munezero alisimama nyuma ya meza akicheka na mteja. Alivaa viatu vya kufunika vyenye kamba, kama vya mwanafunzi. Alitoka upande huu wa meza akaenda upande ule. Hakuchechemea.

Généreuse aliona wivu. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu niseme. Alitamani kile kiatu kimbane Munezero. Alitamani achechemee hatua moja tu, moja, ili roho yake Généreuse itulie.

Wateja walipopungua, aliona jambo. Munezero aliketi, akavua kiatu, akauweka mguu juu ya magunia mawili. Akatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki. Akausugua mguu kwa kitu hicho, polepole.

"Kumbe! Yuko na dawa," Généreuse alisema moyoni. "Na ananificha."

Akajitokeza. Munezero alishtuka, akakirudisha kile kitu mfukoni haraka. Hakupenda watu wa soko wauone mguu wake. Lakini Généreuse hakujua hilo.

"Mama Généreuse! Karibu, dada yangu, kaa hapa. Muguu inaendelea aje?"

"Iko bien. Haiumi tena."

"Kweli? Aksanti kwa Mungu. Yangu ingali inauma."

"Weye? Unatembea kama askari na unasema inauma! Uniambie, unatumia dawa gani?"

"Hapana dawa, mama. Ni mazoezi ya kine tu. Weye uliacha kuya kwake, nikawa najiuliza..."

Mteja aliita, akitaka ndoo mbili za viazi. Munezero aligeuka kumhudumia. Généreuse hakungoja.

"Mazoezi," alinung'unika juu ya pikipiki, njia nzima. "Mazoezi! Ananiona miye mutoto."

Jumapili, baada ya misa, Nshobole alikuja kuwatembelea. Nshobole alikuwa dada mkubwa wa Bashige, mwanamke mwenye moyo mzuri na jibu la kila ugonjwa. Généreuse alimweleza yote: viazi, viatu, mfuko wa plastiki.

"Mulamu wangu, usisumbuke," Nshobole alimwambia wifi yake. "Acha afiche dawa yake. Yako iko hapa inje, umeikanyaga ukiingia."

"Gani?"

"Hii jiwe nyeusi. Ilitokaka mu moto ya volkano, njo maana inajua kuamusha damu. Tunaitia mu makala, tunaifunga na kitambaa, tunakandamiza pale penye hapasikie."

Bashige alikuna kichwa. "Dada, docta hakusema mambo ya jiwe."

"Docta alizaliwa wapi? Ule anajua mawe yetu?"

Jiwe likatiwa kwenye makala. Likafungwa kwa kitambaa, likawekwa juu ya mguu wa Généreuse, karibu na kovu, pale ambapo ngozi ilikuwa imekufa ganzi.

"Inachoma?" Nshobole aliuliza.

"Hapana! Sisikie kitu. Ukandamize tena."

Nshobole akakandamiza tena. Walifurahi wote wawili. Laiti wangejua! Ngozi isiyosikia moto haijapona. Imepoteza mlinzi wake. Inaungua kimya, na mwenye mguu anaendelea kupiga soga. Siku ile yote Généreuse alilala na mguu wake juu ya mito, kama Nshobole alivyomwamuru.

Jumatatu aliamka, akakanyaga chini. Maumivu yalikuwa yamepungua. Bila shaka yalipungua kwa sababu mguu ulipumzika siku nzima. Lakini sifa zote zilikwenda kwa jiwe.

"Papa! Inapona!" alipiga kelele.

"Basi twende pole pole," Bashige alisema.

Pole pole? Généreuse alikuwa amekwisha kuvaa. Alivaa soksi, akaingiza mguu katika kiatu cha mpira, akaiacha fimbo nyuma ya mlango. Bashige alipotoka kwenda kazini, naye alitoka. Aliamua kwenda kwa miguu kutoka Majengo mpaka Birere, ili Munezero amwone akifika anatembea. Ndiyo, hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu.

Nyumba kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Ya ishirini, mguu ulianza kuwaka. Mbele kidogo alitaka kusimamisha pikipiki. Kisha akamkumbuka Munezero na ndoo yake ya viazi, akaendelea. Alitembea hivyo kwa saa nzima, akipitia barabara za mawe na vumbi jeusi. Alipofika kwenye meza yake hakuweza hata kusalimu. Aliishika meza kwa mikono miwili, viazi vikabingirika chini.

"Mama Généreuse! Umefanya nini? Nani amekufanya hivi?"

"Ni weye!"

Watu wa meza za jirani waligeuka.

"Ni weye, Munezero! Umechukua meza yangu. Unatembea mbele ya bwana yangu mpaka anakusifu kwangu, asubuhi, ningali sijakunywa chai. Na dawa unanificha! Tulilala kitanda na kitanda, tukakula uji ya sahani moja, sasa unanificha dawa!"

Akaketi chini, akalia mbele ya soko zima.

Munezero aliinama, akachukua ule mfuko wa plastiki, akaufungua mbele ya macho ya wote. Ndani mlikuwa na kipande cha taulo kuukuu.

"Njo dawa yenyewe," alisema. "Kine alinipa kazi ya kusugua ngozi na kitambaa, kwanza laini, kisha ya kukwaruza kidogo, maana ngozi ilikuwa inaogopa hata soksi. Niliona haya kuonyesha watu. Na siku ile nilikuambia muguu inauma. Hukunisikia."

"Lakini unatembea..."

"Natembea, ndiyo. Asubuhi nashika ukuta. Jioni nainua muguu juu ya magunia. Ungebakia hapa mpaka saa kumi, ungeniona vile nachechemea."

Wiki nzima Généreuse alikuwa ametamani kusikia hivyo. Sasa amesikia, na hakufurahi hata kidogo. Aliona aibu.

Munezero alimvua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa. Alipoishusha, alikuta lengelenge kubwa limepasuka, na ngozi nyekundu kuzunguka.

"Umechomeka! Hii ni moto."

"Ni jiwe," Généreuse alisema kwa sauti ndogo.

Munezero alifunika viazi kwa gunia. Muuzaji mwenzake alimwonya kwamba mtu wa kamati anaweza kupita na kukuta meza haina mtu. "Apite," Munezero alisema. Akaita pikipiki mbili, wakaenda hospitali.

Daktari alisafisha kidonda cha moto na kukifunga. Alimuuliza Généreuse kama ana homa, akamminya shavu la mguu, akaagiza radio, yaani picha ya mifupa. Alipoiangalia alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akawatuma kwa kine. Jina lake Munguakonkwa, yuleyule wa vitambaa.

"Mama Généreuse," alisema kine, "nilikuandika mu kitabu kwamba umehama muji."

"Sikuhama. Nilikasirika."

"Juu ya nini?"

Généreuse alimtazama Munezero. "Juu yake. Aliokota kitambaa mara dix."

Munguakonkwa alitaka kucheka, akajizuia. Aliiweka radio kwenye mwanga wa dirisha.

"Angalia. Mufupa yako imeshikamana. Bamba iko pahali pake, skrubu hakuna yenye ilitoka. Hiyo ni habari nzuri. Lakini ungekaa nyumbani tungejua aje? Maumivu baada ya kupasuliwa iko na sababu nyingi. Pengine mufupa haikushika. Pengine skrubu inakwaruza. Pengine vidudu viliingia mu kidonda. Ukikaa miezi na maumivu yenye haipungue, unarudia hospitali. Hauulizi jirani."

"Sasa kama mufupa imeshikamana, juu ya nini ingali inauma?"

"Swali nzuri. Muguu si mufupa tu. Kuko musuli, kuko mishipa ya fahamu, kuko kiungo chenye kinajikunja. Muguu yako ilifungwa wiki mingi. Musuli ikalala. Kiungo ikawa ngumu, sawa bawaba ya mulango yenye haifunguliwake. Na mishipa ya fahamu iliguswa siku ya ajali na siku ya kupasua. Njo maana pahali pamoja panachoma bure, pahali pengine hapasikie. Mishipa inapona, lakini pole pole sana. Inaweza kupita mwaka."

"Na jiwe?"

"Penye hapasikie, mama, usiweke kitu ya moto, wala barafu. Hautajua imekuchoma mpaka uone kidonda. Na kukandamiza kwa nguvu karibu na bamba, hapana."

Généreuse aliuliza swali lililomkaa rohoni miezi saba.

"Docta, tulivunjika wiki moja. Tulipasuliwa hapa hapa. Yeye ameponea juu ya nini, na miye hapana?"

Munguakonkwa hakutaka kuzungumza habari za mgonjwa mwingine. Lakini Munezero alisema, "Muonyeshe radio yangu. Nakubali."

Kine alitafuta kwenye kabati, akaleta picha ya pili. Akaziweka pamoja. Kwenye mguu wa Munezero kulikuwa na skrubu mbili tu. Kwenye mguu wa Généreuse kulikuwa na bamba refu na skrubu saba.

"Yeye alivunjika pahali pamoja. Weye, pahali patatu. Hata kama ungefanya mazoezi yote, ungechelewa kupona kuliko yeye. Haikuwa mashindano. Na tena weye uliacha."

Généreuse alizitazama zile picha, akahesabu skrubu. Alikuwa amekasirika miezi saba juu ya mbio ambazo hazikuwapo. Alijiona mjinga, na nadhani alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

"Kutoka zero mpaka dix, maumivu iko ngapi?" kine aliuliza.

"Leo? Neuf, tisa. Siku zingine sept, saba."

"Tutaianzia hapo. Kwanza kidonda ya moto ipone, unakuya kuibadirisha kitambaa kila siku mbili. Muguu inakaa juu, kupita kimo ya moyo. Unalala chali, unaweka mito, dakika quinze, kumi na tano, mara tatu ao ine kwa siku. Hivyo inapunguza kuvimba. Ukiwa umelala hivyo, kunja muguu juu na chini, na uandike herufi hewani na kidole kikubwa."

"Herufi zote?"

"Kutoka A mpaka Z. Ata X yenye haina kazi mu Kiswahili, uiandike."

Wakacheka wote watatu. Munguakonkwa aliendelea kumwonyesha mazoezi, moja moja. Kitambaa cha vidole. Kunyanyua visigino akiwa ameshika meza, lakini baada ya kidonda kupona. Kusugua ngozi inayoogopa kwa kitambaa laini, mbali na kidonda. Alimwambia kandambili na kiatu cha mpira havishiki mguu. Avae kiatu cha kufunika chenye kisigino imara.

"Na fimbo unashika na mukono gani?"

"Wa kuume. Upande ya muguu yenye inauma."

"Umekosea. Fimbo inakaa mukono ya ngambo ingine. Muguu ya kuume inauma, fimbo mukono wa kushoto. Vinatembea pamoja. Jaribu."

Généreuse alijaribu. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi. "Ee! Iko nyepesi," alisema. Miezi saba alikuwa ameishika fimbo vibaya, na hakuna mtu aliyemwambia, kwa sababu aliwakimbia watu wa kumwambia.

"Sasa sikia neno kubwa," kine alisema. "Siku muguu haiumi, usikimbie Birere. Siku inauma kidogo, usilale siku nzima. Anza na dakika dix ya kutembea. Ikiuma mpaka tatu ao ine, na asubuhi imetulia, endelea, ongeza dakika mbili baada ya siku kadhaa. Ikiuma zaidi asubuhi, ulizidisha. Punguza. Haukuvunjika tena, ulizidisha tu."

"Na nikiona mubaya?"

"Homa, usaha, kovu kuwa nyekundu na moto: unakuya siku ile ile. Shavu ya muguu ikivimba na kuuma upande moja, ao pumzi ikikosekana: usingoje ata saa moja. Muguu ikiwa baridi, ao ikikataa kabisa kukanyaga: vile vile. Na vidonge vya kutuliza, unakula vyenye docta ameandika. Havitoke kwa jirani."

Bashige alipofika jioni alimkuta mke wake amelala chali, mguu juu ya mito, akiandika hewani. Alidhani amepatwa na wazimu. Généreuse alimweleza yote, hata lile la kutembea kwa ajili ya wivu. Bashige aliinamisha kichwa.

"Nilikusemea habari ya Munezero nikidhani nakutia nguvu."

"Hukunitia nguvu, papa. Ulinitia moto."

"Basi sitasema tena juu ya muguu ya mwingine. Nitaangalia yako."

Na kweli, aliangalia. Kila Jumapili aliandika ukutani kwa chaki dakika ambazo mke wake alitembea. Dada yake Nshobole aliletewa habari za lengelenge. Alilia, akaomba radhi, kisha akawa wa kwanza kuuliza kila akija, "Mulamu, umeinua muguu?"

Mwisho wa mwezi ulifika. Kidonda cha moto kilikuwa kimekauka. Généreuse aliweza kutembea dakika kumi na nne, hakuzidi. Siku ya kamati alipanda pikipiki na Bashige, fimbo katika mkono wa kushoto.

Munezero alikuwa ameketi mezani. Généreuse alimwona kwa mbali, na wivu ukamshika tena. Usidhani ulikufa pale hospitali. Alijiuliza kama Munezero atasimama.

Munezero alisimama. Akamwachia kiti, akavuta magunia mawili ili aweke mguu.

Mwenyekiti wa kamati, muzee Baharanyi, alifika na kitabu chake. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Hii meza, mwenyewe ni nani?"

"Ni Mama Généreuse," Munezero alisema. "Miye nilikuwa namushikia tu."

Muzee Baharanyi alitazama fimbo, akatazama mguu juu ya magunia. "Utaweza kukaa hapa siku yote, mama? Maana meza ikikutwa tupu, tutaitoa. Sitaki mutu alie kwangu."

Généreuse alikuwa na jibu tayari. Alilitunga kwa wiki tatu: ndiyo, nitaweza, niandike mimi peke yangu. Alifungua mdomo alitoe. Akamtazama Munezero. Alikuwa anafunga viazi vyake kwenye gunia ili arudi kuuzia chini kando ya barabara na mguu wake unaovimba jioni.

"Sitaweza, muzee," alisema. "Nitaweza mpaka saa sita. Kisha muguu inataka kulala. Uandike majina mbili."

"Mbili?"

"Mbili. Asubuhi miye na vitenge. Kisha saa sita, yeye na viazi. Tuandike wote, meza haitakuwa tupu ata siku moja."

Munezero aliliacha gunia. Muzee Baharanyi aliuma kalamu, akafikiri, akaandika.

Sasa umepita mwaka mmoja na zaidi tangu Généreuse apasuliwe. Maumivu ambayo yalikuwa saba sasa ni mbili, na siku za baridi tatu. Fimbo ameiacha, mara hii kwa ruhusa ya kine. Anatembea nusu saa bila kupumzika. Ile ngozi iliyokufa ganzi imeanza kuhisi soksi. Asubuhi nyingine bado anashika ukuta, lakini hatishiki, maana anajua la kufanya.

Na wivu? Nilimuuliza. Alinijibu kwamba Munezero anaweza kucheza kwenye harusi mpaka watu wanachoka, na yeye anaketi baada ya wimbo wa pili. Kila mara jambo hilo linamuuma. Lakini siku hizi halali nalo. Juzi, saa sita wakibadilishana meza, nilimsikia akimwambia usoni kabisa:

"Munezero, ninakuonea wivu, weye na hii muguu yako."

Munezero alikuwa anamwaga viazi. Hakugeuka.

"Onea tu, dada," alisema. "Lakini uende uinue yako kwanza."